Ushuhuda Hauuzwi: Jinsi Tovuti ya Kikundi Inavyopata Linki za Kweli



Vikundi vingi vya kujisaidia siku hizi vina biashara. Wengine wanauza asali, wengine vikapu, wengine miche ya miti, wengine wana nyumba ndogo ya wageni. Na baadhi yao wamekwenda mbele zaidi wakatengeneza tovuti, ili mnunuzi aliye Nairobi au Mombasa awaone moja kwa moja bila kupitia kwa dalali. Wanachama wanachanga pesa, kijana mwenye ujuzi anatengeneza kurasa nne tano, picha zinawekwa, watu wanapiga makofi.

Halafu miezi inapita na simu hailii. Mtu akiandika katika Google "asali safi ya Mwingi", kikundi hakionekani. Wanaoonekana ni wafanyabiashara wa mjini, na pengine mmoja wao ndiye yule dalali anayenunua asali ya kikundi hicho kwa bei ya chini.

Hapo ndipo anapotokea mtu mwenye maneno matamu. "Nipeni Sh20,000 tu. Nitawapatia linki elfu moja, na mwezi ujao mtakuwa juu kabisa." Sasa kamati inakaa. Pesa ziko benki, lakini ni pesa za mizinga ya mwaka ujao. Je, zitolewe?

Makala haya yataeleza linki ni nini, kwa nini ina thamani, kwa nini ile ya kununuliwa haifai, na jinsi kikundi kinavyoweza kupata linki za kweli kwa gharama ndogo sana. Msomeeni pia yule asiyetumia intaneti. Mtaona kwamba jambo lenyewe si geni. Ni mambo ya jina jema, na hayo kila mzee na kila mama kijijini anayafahamu.

LINKI NI NINI?

Linki, au kiungo kama vitabu vinavyoita, ni maneno katika ukurasa wa intaneti ambayo ukiyabonyeza yanakupeleka kwenye ukurasa mwingine. Ni kama kibao cha njia panda.

Kuna linki ambazo ninyi wenyewe mmeweka katika tovuti yenu kuelekeza watu kwingine. Hizo ni juu yenu, mnaweka mkitaka. Na kuna linki ambazo watu wengine wameweka katika tovuti zao kuelekeza kwenu. Hizi za pili ndizo tunazozungumzia hapa. Tuziite linki za kuingia.

Tofauti yake ni kubwa. Mkiandika mlangoni penu "Hapa kuna asali bora", hayo ni maneno yenu, na kila muuzaji husema hivyo. Lakini hoteli ikiandika kwenye ukuta wake "Asali yetu inatoka kwa kikundi fulani cha Mwingi", huyo ni mtu mwingine aliyeweka jina lake mwenyewe kuwa dhamana yenu. Mkiuza asali iliyochanganywa na sukari, aibu itamfikia na yeye. Ndiyo maana neno lake lina uzito. Linki ya kuingia ni ushuhuda wa namna hiyo.

KWA NINI GOOGLE INAJALI LINKI?

Mwaka 1996 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, Larry Page na Sergey Brin, walikuwa wanatafuta njia bora ya kupanga kurasa za intaneti. Mitambo ya kutafuta habari ya wakati ule ilitegemea sana maneno yaliyoandikwa ndani ya ukurasa. Kwa hiyo mjanja angeandika "asali asali asali" mara mia, na mtambo ungedhani yeye ndiye mwenye asali nyingi!

Hao vijana wawili walitazama desturi ya wasomi. Kitabu kinachotajwa na wasomi wengi huhesabiwa kuwa na maana zaidi kuliko kile ambacho hakuna anayekitaja. Wakasema, basi na kurasa za intaneti tuzipime hivyo hivyo: tuangalie ni nani anayeelekeza kwa nani. Mwaka 1998 walichapisha maelezo ya njia yao, na mwaka huo huo wakaanzisha kampuni ya Google. Njia yenyewe waliiita PageRank.

Hesabu yao ilikuwa na mambo matatu ambayo hata leo yanatusaidia kuelewa:

1. Linki ni ushuhuda. Ukurasa unaoelekezewa na wengine huhesabiwa kuwa na faida zaidi kuliko ule uliosahauliwa.

2. Mashahidi hawalingani. Linki kutoka kwa tovuti ambayo yenyewe inaaminiwa na wengi ina nguvu zaidi. Ni kama barazani: neno la mzee anayejulikana kwa haki husikizwa kuliko maneno ya wapita njia kumi.

3. Anayewashuhudia wote hugawa nguvu yake vipande vipande. Katika hesabu ya mwanzo, nguvu ya ukurasa iligawanywa kwa linki zote zinazotoka humo. Ukurasa wenye linki 5 ulimpa kila mmoja sehemu moja ya tano. Ukurasa wenye linki 1,000 ulimpa kila mmoja sehemu moja ya elfu. Kumbe kuandikwa katika orodha inayopokea kila anayekuja si jambo kubwa.

Tangu siku hizo hesabu imebadilishwa mara nyingi, na Google hutazama mambo mengine mengi. Kwa biashara iliyo mahali pamoja, kama duka au nyumba ya wageni, Google yenyewe inataja mambo matatu: biashara inahusiana kiasi gani na kile mtu anachotafuta, iko umbali gani naye, na inajulikana kiasi gani. Linki zinaingia katika lile la tatu, pamoja na maoni ambayo wateja wameandika.

Kwa hiyo tusidanganyane. Linki si dawa ya kila ugonjwa. Na kama kikundi chenu kinauza mboga katika soko la kijijini tu na wanunuzi wote mnawajua kwa majina, pengine hamhitaji tovuti kabisa. Mambo haya yanawahusu wale wanaotaka kupatikana na mtu wa mbali asiyewajua.

LINKI ZA KUNUNUA ZINA UBAYA GANI?

Yule anayeuza linki elfu moja anazitoa wapi? Hawezi kuwa na marafiki elfu moja wenye tovuti nzuri wanaopenda asali yenu. Mara nyingi zinatoka katika tovuti tupu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo tu, au programu ya kompyuta inabandika anwani yenu chini ya habari za watu kila mahali, au kuna makala yasiyo na kichwa wala miguu ambamo jina lenu limechomekwa. Ni sawa na mtu anayekodi mashahidi mlangoni mwa mahakama. Wanaapa, lakini hawakuona kitu.

Google inakataza kununua na kuuza linki kwa nia ya kupanda juu. Inakataza pia kubadilishana linki kupita kiasi, yaani "nielekezee nikuelekezee" ambako hakumfai msomaji yeyote.

Hebu tuangalie kisa kimoja kilichotokea. Mwezi wa Februari 2011 gazeti la The New York Times lilieleza habari za J.C. Penney, kampuni kubwa ya maduka huko Marekani. Kwa miezi kadhaa kampuni hiyo ilikuwa ikitokea juu kabisa katika Google kwa bidhaa nyingi. Gazeti lilichunguza likakuta linki nyingi zimewekwa katika tovuti ambazo hazikuhusiana hata kidogo na bidhaa hizo. Google ilipojulishwa ilichukua hatua. Mtu aliyetafuta masanduku ya safari ya Samsonite jioni moja alikuta kampuni hiyo ni ya 1. Saa mbili baadaye ilikuwa ya 71. Kampuni ilisema haikujua wala haikuidhinisha kazi hiyo, ikaachana na wale iliokuwa imewaajiri waishughulikie. Lakini aliyeanguka ni nani? Ni mwenye tovuti.

Kampuni kubwa kama ile ina njia nyingine za kupata wateja. Kikundi chenye wanachama ishirini na tano hakina.

Baada ya hapo ukali uliongezeka. Aprili 2012 Google ilileta mpango ulioitwa Penguin kwa ajili ya tovuti zenye linki za hila. Kuanzia mwaka 2016 mpango huo ulifanywa kuwa sehemu ya kazi ya kila siku, na zaidi ya yote ukawa unazifanya linki hizo zisihesabiwe. Desemba 2022 ikaongezwa mashine inayojifunza yenyewe, inayoitwa SpamBrain, kuwatambua wanaonunua linki na wanaoziuza.

Basi mkinunua mtapata moja kati ya mawili. Ama linki hazitahesabiwa, na Sh20,000 zimekwenda na maji. Ama zitahesabiwa kuwa kosa, na tovuti itashushwa. Njia ya mwongo ni fupi.

Lakini mjue, tangazo la kulipia si kosa. Mkilipa gazeti au redio iweke tangazo lenu katika tovuti yake ili watu waone, hiyo ni biashara ya haki. Sharti ni kwamba linki ya tangazo hilo iwekwe alama ya ndani inayoiambia mitambo kuwa imelipiwa. Wenye tovuti nzuri wanajua kuiweka. Tangazo hilo litaleta wateja, ila halitahesabiwa kuwa ushuhuda.

MTAMTAMBUAJE MLAGHAI?

- Anaahidi nafasi ya kwanza katika Google. Google yenyewe inasema hakuna anayeweza kuahidi hivyo.
- Anauza kwa hesabu: mia kwa bei hii, elfu kwa bei ile.
- Mkimwuliza "linki zitatoka tovuti gani?" anasema ni siri ya kazi.
- Anataka nywila ya tovuti au ya barua pepe ya kikundi kabla hata ya kuwaeleza kazi yake.
- Ana haraka. Ati bei ni ya leo tu.

Mkiona hata mawili kati ya hayo, mshukuruni kwa heshima mfunge mkutano.

MFANO KUTOKA GAZI

Huko pwani, katika kaunti ya Kwale, kuna vijiji vya Gazi na Makongeni. Watu wa huko wanalinda mikoko yao kupitia mradi wa jamii unaoitwa Mikoko Pamoja. Mwaka 2013 mradi ulianza kazi chini ya viwango vya Plan Vivo, shirika linalothibitisha miradi ya namna hiyo. Wanatunza hekta 117 za mikoko, na kwa kuwa mikoko hushika hewa ya kaboni, wanauza vyeti vya kaboni hiyo kwa watu wa mbali. Pesa zimesaidia maji na shule za vijiji. Mwaka 2017 walipata tuzo ya Equator, inayotolewa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP. Hapo hapo Gazi akina mama wana njia ya mbao inayopita ndani ya mikoko, na wageni hulipa kuitembelea.

Sasa angalieni. Plan Vivo ina ukurasa juu ya mradi huo kwa sababu ndiyo iliyouthibitisha. Watoaji wa tuzo ya Equator wana habari zake kwa sababu waliipa jamii hiyo tuzo. Watafiti wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari, wamefanya kazi Gazi kwa miaka mingi na wameandika wanayoyaona. Hayo yote ni ushuhuda wa watu wenye majina, na kila mmoja ana sababu yake ya kweli ya kuitaja Gazi.

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hata chema lazima kionekane. Si kila kikundi kitapata tuzo ya dunia. Ila kila kikundi kina watu wanaokifahamu kwa kazi yake, na hapo ndipo pa kuanzia.

HATUA ZA KUFUATA

Tuchukue mfano wa kikundi cha wafugaji nyuki cha Mwingi. Ninyi mtabadilisha kulingana na kazi yenu.

Hatua ya kwanza: Orodhesheni mnaowajua.
Katika mkutano, katibu aandike kila mtu au shirika ambalo limefanya kazi nanyi: hoteli au duka linalonunua asali, fundi anayewauzia mizinga, chama cha ushirika, shule iliyoleta wanafunzi kuona nyuki, chuo kilichofanya utafiti, shirika lililowapa mafunzo, ofisi ya kaunti ya kilimo na mifugo, parokia au dayosisi. Mbele ya kila jina aandike: je, wana tovuti? Je, wametutaja humo? Vikundi vingi vinapofanya hivi hushangaa kuona majina yanajaza ukurasa. Hao ndio mashahidi wenu.

Hatua ya pili: Wekeni ukurasa unaofaa kuelekezewa.
Hakuna anayeelekeza watu kwenye chumba kitupu. Kama tovuti yenu inasema tu "Karibuni, sisi ni bora", mtu ataielekezea nini? Andikeni kile mnachokijua kuliko mtu wa mjini. Miti gani huchanua kwenu na ni mwezi gani? Mnarina asali lini, na kwa nini si wakati mwingine? Mnawezaje kuwalinda ndovu, mbuga au mto ulio karibu, kama wapo? Kuna jambo moja wanunuzi wakubwa huliuliza sana, nalo ni maji yaliyomo ndani ya asali. Viwango vya kimataifa vya Codex vinasema kwa kawaida yasizidi asilimia 20, kwa sababu asali yenye maji mengi huchacha. Mkipima kila msimu na kuandika matokeo na tarehe, huo ni ukurasa ambao mwalimu, mpishi na mnunuzi watakuwa na sababu ya kuuonyesha kwa wengine.

Ongezeni bei, njia ya kufika, siku za kupokea wageni, na nambari ya simu inayojibiwa.

Hatua ya tatu: Ombeni kwa adabu.
Linki nyingi za kweli hazipatikani kwa sababu tu hakuna aliyeomba. Anayewafahamu akikutana na ombi zuri hatakasirika. Andikieni mmoja mmoja. Msitume ujumbe mmoja kwa watu hamsini. Barua inaweza kuwa hivi:

"Kwa Meneja,
Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi ni wafugaji nyuki tunaoleta asali jikoni kwenu. Tumeona katika tovuti yenu kuna ukurasa unaoeleza vyakula vyenu vinatoka wapi. Tunaomba, kama mtaona inafaa, jina la kikundi chetu liandikwe hapo pamoja na linki ya ukurasa wetu unaoonyesha jinsi asali hiyo inavyorinwa. Tumeambatanisha picha mbili ambazo mnaweza kuzitumia bila malipo. Kama haiwezekani, hakuna neno. Tutaendelea kuwaletea asali kama kawaida.
Wenu, Katibu wa kikundi."

Mmeona? Haiombi kura. Inampa meneja kitu kinachowafaa wageni wake. Na msimpe asali ya bure ili aweke linki, maana hapo mmeshanunua.

Hatua ya nne: Tafuteni mahali mlipotajwa bila linki.
Andikeni jina la kikundi katika Google mkiliweka ndani ya alama za kunukuu. Pengine gazeti, shule au shirika liliandika habari zenu zamani likasahau kuweka anwani. Waandikieni mkiwashukuru, na kuomba waiongeze. Ombi hili ni rahisi kukubaliwa kuliko yote, kwa kuwa ushuhuda umekwisha kutolewa.

Hatua ya tano: Waambieni waandishi wa habari kunapokuwa na habari.
Habari si "sisi tupo". Habari ni kwamba mmefungua nyumba ya kuchujia asali, au mmefundisha vijana arobaini, au mvua zimekosekana na mmepata njia ya kuwapa nyuki maji. Redio nyingi zinazotangaza kwa lugha za nyumbani zina tovuti. Wakija, wapeni majina sahihi, picha, na anwani ya tovuti iliyoandikwa kwenye karatasi ili wasikosee.

Hatua ya sita: Jiandikisheni katika orodha za kweli.
Anzeni na Google Business Profile, ambayo ni ya bure. Humo mnaweka alama ya mahali penu kwenye ramani, saa za kazi na picha, na wateja wanaweza kuandika maoni. Halafu angalieni kama kaunti, chama chenu cha ushirika au muungano wa wafugaji nyuki wana orodha ya wanachama. Orodha nzuri ni ile ambayo mtu anaisoma kweli akitafuta kitu. Ile inayopokea casino, viatu na dawa za nywele pamoja, ikimbieni.

Hatua ya saba: Nanyi elekezeni wengine.
Mtajeni fundi wa mizinga katika tovuti yenu, kwa kuwa mteja anaweza kumhitaji. Itajeni nyumba ya wageni ya jirani. Msipigane bei ya linki kwa linki. Ujirani mwema haushikwi kwa hesabu ya namna hiyo.

Kama hamna hakika na linki fulani, jiulizeni swali moja: Google isingekuwepo, je, bado tungeitaka linki hii? Kama ingeleta hata mteja mmoja au kumsaidia msomaji, ni nzuri. Kama haina kazi nyingine ila kudanganya mtambo, iacheni.

NA FACEBOOK NA WHATSAPP JE?

Ni vizuri kuzitumia. Watu wengi watawajua kwanza huko. Lakini ujumbe wa WhatsApp ni wa siri kati ya watu, mtambo wa kutafuta hauuoni. Na linki za Facebook huwekwa alama ya kuonyesha kwamba si ushuhuda wa kuhesabiwa. Zitumieni kuleta watu na kupeleka habari, maana mwandishi au mwalimu anaweza kuiona huko akaiandika katika tovuti yake.

LINDENI MLICHOPATA

Linki zote huelekeza kwenye anwani. Anwani ikifa, zote zimekufa siku moja. Kwa hiyo:

- Jina la tovuti liandikishwe kwa jina la kikundi. Lisiandikwe kwa jina la kijana aliyeitengeneza, hata kama ni mtoto wa mwenyekiti. Majina yanayoishia na .ke husimamiwa na KeNIC, na kampuni zinazoyauza hutoa cheti au barua pepe ya uthibitisho. Iwekwe katika faili la kikundi.
- Mweka hazina aandike tarehe ya kulipia jina kila mwaka, kama anavyoandika tarehe ya kodi ya chumba.
- Msitegemee tovuti ya bure isiyo yenu. Google ilikuwa ikiwapa wafanyabiashara wadogo tovuti rahisi bila malipo, lakini Machi 2024 ilizifunga zote.
- Mkibadilisha anwani ya ukurasa, mwambieni fundi aweke maelekezo ya kudumu kutoka anwani ya zamani hadi mpya. La sivyo mgeni atafika mahali palipobomolewa.

Na la mwisho katika kulinda: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Linki ikishaleta mteja, asali ndiyo itakayomrudisha.

MTAJUAJE KAMA INASAIDIA?

Kuna chombo cha bure kiitwacho Google Search Console. Fundi wenu akikiunganisha na tovuti, kitawaonyesha tovuti zinazowaelekezea na maneno ambayo watu waliyatafuta wakawaona. Kitazameni mara moja kwa mwezi, inatosha.

Lakini kipimo kikubwa ni daftari. Kila mteja mpya akipiga simu, mwulizeni kwa upole, "Ulitujulia wapi?" Andikeni jibu, tarehe na kiasi alichonunua. Baada ya miezi sita mtaona wenyewe ni shahidi gani aliyewaletea watu. Msitarajie mabadiliko ya wiki mbili. Linki tano au sita za kweli katika mwaka wa kwanza ni kazi nzuri kwa kikundi kidogo. Zile Sh20,000 zitakuwa zimenunua mizinga.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MKUTANO

1. Ni watu au mashirika gani matano ambayo yangeweza kusema ukweli juu ya kazi yetu bila kulipwa? Ni yapi kati yao yenye tovuti?
2. Ni jambo gani tunalolijua sisi ambalo mtu wa mbali angependa kulisoma? Nani ataliandika, na nani atapiga picha?
3. Jina la tovuti yetu limeandikishwa kwa jina la nani? Linalipiwa lini tena?
4. Mtu akija kesho kutuuzia linki, tutamwuliza maswali gani?
5. Nani atashika daftari la "Ulitujulia wapi?"

Chagueni mtu mmoja wa kuandika barua ya kwanza kabla ya mkutano ujao, na akija asome jibu mbele ya wanachama wote.